Pengwini wa Afrika Kusini: maswali yenu na majibu yangu

Tangu nilipoandika juu ya safari ya boti kwenda Dyer Island, maswali hayajakatika. Nimechagua haya.

Nahodha akikubali, tunaweza kushuka kisiwani dakika chache tupige picha?

Hapana. Nimeshalijibu mara tatu swali hili, someni jamani. Dyer Island ni hifadhi, na wageni hawaruhusiwi kukanyaga. Boti hutoka bandari ndogo ya Kleinbaai, karibu na Gansbaai, hupita kandokando ya kisiwa, mkatazama, mkarudi. Nahodha atakayekushusha kwa pesa ya pembeni usipande chombo chake kabisa.

Kila mwaka pengwini hawa hunyonyoka manyoya yote kwa mkupuo, kwa muda wa wiki tatu hivi. Siku hizo maji yanapenya hadi kwenye ngozi, kwa hiyo pengwini haendi baharini kula. Anasimama nchi kavu akiishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini. Ukimtisha akajitosa majini, baridi inaweza kumuua. Anayeatamia naye akikurupuka, shakwe hawachelewi kunyakua yai. Hiyo ndiyo bei ya picha yako.

Kwenye picha wamejaa tele. Kweli wako hatarini?

Kweli kabisa. Oktoba 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, iliwaweka katika kundi la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Jozi zinazozaliana zimebaki pungufu ya 10,000. Chakula chao ni sadini na anchovi, samaki walewale wanaozolewa na nyavu za viwanda. Mashirika ya uhifadhi yalilazimika kwenda mahakamani, na mwaka 2025 yakafikia makubaliano ya kuzuia uvuvi huo karibu na makoloni sita kwa miaka 10. Kwangu mimi zuio hilo lilichelewa mno. Wala uvuvi si tishio pekee. Kisiwa cha St Croix, katika ghuba ya Algoa, kilikuwa na koloni kubwa kuliko yote. Mwaka 2016 meli zikaanza kujazana mafuta katika ghuba hiyo, na idadi ikaporomoka. Watafiti wanazitaja kelele za meli miongoni mwa sababu. Mnaponiuliza boti ipi ni ya bei nafuu, ulizeni pia ipi huzima injini inapokaribia ndege.

Si wanahitaji barafu?

Hawa hapana. Ile ngozi ya waridi juu ya macho huwasaidia kupoza mwili juani.

Huwa nalewa bahari. Nisiende?

Mawimbi ya huko ni makubwa. Meza dawa kabla ya kupanda, si ukishaanza kutapika. Kama unalewa hata maji yakiwa shwari, acha boti, nenda Boulders kule Simon's Town au Stony Point, Betty's Bay. Utatembea juu ya njia za mbao na kuwaona karibu kuliko aliyelipia boti.

Naweza kuwarushia samaki?

Usithubutu.

Nikimwona aliyechafuka mafuta, nimsaidieje?

Usimshike wala usimmwagie maji. Mdomo wake unakata. Mwambie nahodha awaite SANCCOB, shirika la kuokoa ndege wa baharini, ndio wenye kazi hiyo. Meli ya Treasure ilipozama Juni 2000 kati ya Robben Island na Dassen Island, pengwini wapatao 19,000 waliopakaa mafuta walikusanywa, na wengi wakapona kwa sababu walifikishwa kwa watu wanaojua kuwaosha. Wewe andika mahali na saa ulipomwona, maana waokoaji wataanza kumtafuta hapo.