Maswali na majibu: mbawakawa wa mizinga na nyuki wasiouma wa Australia

Nimeona mdudu mweusi mlangoni mwa mzinga wangu hapa Brisbane. Nitajuaje kama ndiye mbawakawa wa mizinga?

Mtazame ukubwa. Mbawakawa wa mizinga, Aethina tumida, ana milimita 5 hadi 7, ni wa kahawia iliyokolea au mweusi, na vipapasio vyake vimevimba nchani kama rungu. Nyuki wako, Tetragonula carbonaria, ana milimita 4 tu. Mbawakawa mmoja mlangoni si msiba. La kuogopa ni buu: jeupe, refu kiasi cha sentimita 1, lenye miguu sita karibu na kichwa na safu za vijimiiba mgongoni. Asali iliyopitiwa na mabuu huchacha, hutoa povu na kunuka kama machungwa yaliyooza.

Wasio na mwiba wanajilindaje?

Wanamzika hai. Akishambuliwa, mbawakawa huficha kichwa na miguu chini ya gamba na kutulia. Mbele ya nyuki wa asali, hiyo humsaidia; hapa ndiyo inayomponza, kwani nyuki humpaka utomvu, nta na udongo mpaka asiweze kutikisika. Watafiti waliochapisha kazi yao mwaka 2010 walipiga mizinga picha za CT (eksirei zinazoonyesha ndani bila kufungua) na kuwaona mbawakawa wakinatishwa ndani ya dakika 10. Ila kazi hiyo inataka nyuki wengi na utomvu wa akiba.

Niligawa mzinga wenye nguvu kuwa miwili. Wiki mbili baadaye nusu moja imejaa mabuu. Nilikosea wapi?

Karibu kila mara shida huwa asali iliyomwagika, na ufa. Ukitenganisha nusu mbili, vyungu vya nta ambamo nyuki hawa huweka asali na chavua hupasuka, harufu husambaa, na mbawakawa huruka kuifuata. Nyuki nao wako kwenye usafi na ujenzi, walinzi hawatoshi. Mayai ya mbawakawa hutagwa kwenye nyufa na huanguliwa kwa siku 2 hadi 4.

Safari ijayo gawa asubuhi ya siku kavu yenye joto; chini ya nyuzi 18 nyuki hawa hawaruki, na unyevu mwingi hunufaisha mayai ya mbawakawa. Pitisha kisu chembamba kwenye kiungo kabla ya kupanua kwa patasi. Toa vyungu vyote vilivyopasuka, hata kama roho inauma, futa asali kwa kitambaa chenye maji, na hakikisha kila nusu ina majana (mayai na watoto wa nyuki). Funga maungio yote kwa tepu siku hiyohiyo, ziba matundu ya hewa, acha mlango tu. Gundi ya nyuki, ule utomvu na nta, usiikwangue kuitupa: ndiyo silaha yao.

Vivyo hivyo baada ya joto kali: nta ikilainika na vyungu kuanguka, mzinga uko wazi kama uliogawanywa vibaya.

Mitego ya mafuta ya nyuki wa asali itafaa?

Hapana. Tundu la mtego hupitisha mbawakawa na kumzuia nyuki wa asali. Nyuki wako ni mdogo kuliko mbawakawa, atazama yeye. Dawa ya wadudu usithubutu.

Huku Arusha mbawakawa huyu tunaye. Mbona hatusikii kelele hizo?

Kwao ni Afrika, kusini mwa Sahara. Nyuki wa huku wameishi naye muda mrefu. Australia aligunduliwa mwaka 2002. Hata hivyo, kundi dhaifu la Arusha nalo huliwa, hasa likishavunjwavunjwa wakati wa kurina.

Mzinga umeshaoza. Kuna cha kuokoa?

Majana yakiwa hayajaguswa na malkia yupo, yahamishie kwenye sanduku safi, bila chungu hata kimoja cha asali, uzibe kwa tepu. Mabaki yasimwagwe shambani: mabuu hujichimbia udongoni na kutoka wakiwa mbawakawa baada ya wiki 3 au 4. Yafunge kwenye mfuko, yagandishe kwenye friza saa 24, ndipo utupe. Sanduku lioshe na kulikausha juani kabla ya kulitumia tena.