Maswali na Majibu: Baiskeli Kuukuu ya Milimani kwa Safari za Kila Siku

SWALI: Nina baiskeli ya mtumba ya milimani yenye gia 21, na kila siku naiendesha kutoka Kimara hadi Kariakoo. Tairi zake zina meno makubwa, zinavuma kwenye lami, nami nafika nimechoka. Je, nianze kwa kubadilisha gia? (Msomaji, Kimara)

JIBU: Gia ziache kwanza, ndugu yangu, kwa sababu kinachokuchosha ni hayo meno. Yalitengenezwa ili yashike udongo na mawe; yakiwa juu ya lami hupinda na kunyooka kila gurudumu linapozunguka, na nguvu za miguu yako hupotelea hapo. Tafuta tairi laini zisizo na meno, au zenye mifereji mifupi tu, za upana wa kati ya inchi 1.5 na 1.75, ambazo zitaviringika kwa wepesi kwenye Barabara ya Morogoro na bado zitahimili mchanga na mashimo ya mtaani kwako.

Kabla hujatoa fedha, soma ubavuni mwa tairi ulizonazo. Utakuta maandishi kama 26 x 1.95, na karibu yake 50-559. Hiyo 559 ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu, nayo ndiyo namba ya kuamini. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani, zile zenye kapu mbele, huvaa tairi ya 26 x 1 3/8, ambayo kipenyo chake ni 590. Muuzaji atakuambia kwa nia njema kabisa kwamba zote ni "ishirini na sita", lakini tairi hiyo itapwaya kwenye rimu yako. Ukishafunga tairi sahihi, jaza upepo wa kutosha bila kuzidi kiwango kilichoandikwa ubavuni, kwani tairi laini yenye upepo mdogo nayo ni mzigo.

SWALI: Shokapu za mbele zinanesa kila ninapokanyaga pedeli kwa nguvu. Naweza kuweka foko (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya kawaida, isiyo na shokapu? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Unaweza, na kwa safari za mjini ningekushauri ufanye hivyo, kwa kuwa shokapu za bei nafuu ni nzito na zikishaingia kutu hazifanyi kazi yake. Mwombe fundi apime mambo mawili: unene wa bomba la foko linaloingia kwenye fremu, ambao kwa baiskeli nyingi za aina hii ni milimita 28.6, na urefu kutoka ekseli hadi pale foko inapoingia kwenye fremu. Foko fupi mno huinamisha baiskeli mbele, na usukani huwa mwepesi kupita kiasi.

SWALI: Mnyororo unaruka ninapopanda mlima. Fundi anataka kubadilisha kila kitu. Nitajuaje kama ni lazima? (Msomaji, Ubungo)

JIBU: Chukua rula yenye alama za inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja ya mnyororo, uuvute unyooke, kisha hesabu hadi pini ya 25, ukianza na ile ya kwanza. Kwenye mnyororo mpya, pini hiyo huangukia inchi 12 kamili. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha mnyororo peke yake. Ikiwa imepita kwa sehemu moja ya nane, fundi wako ana haki kuhusu gia za nyuma, kwa kuwa meno yake yamekwisha kulika kufuata mnyororo ule mbovu, na mnyororo mpya utaendelea kuruka juu yake. Upime mnyororo mbele yake. Fundi mwema hatachukia.

SWALI: Naishi Kigamboni karibu na bahari, na kutu inanishinda. Pia natamani breki za diski. (Msomaji, Kigamboni)

JIBU: Chumvi ya bahari haina simile, dada yangu. Ifute baiskeli kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, ikaushe, kisha tia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo cha mnyororo na ufute yanayobaki nje, maana mafuta ya juu hunasa mchanga. Chomoa bomba la kiti walau kabla ya masika na baada yake, ulipake grisi, la sivyo litagandana na fremu. Kuhusu diski, fremu za zamani nyingi hazina mahali pa kuzifunga, na kuchomelea si jambo la kujaribu. Nunua viatu vipya vya breki vya mpira. Kabla hujavifunga, pitisha kidole kwenye ubavu wa rimu: ukihisi umebonyea, rimu imelika, na hiyo ndiyo ya kubadilishwa kwanza.

SWALI: Fremu yangu haina matundu ya kufunga keria. Nifanyeje? (Msomaji, Tandale)

JIBU: Usitoboe fremu. Tumia vibano vya chuma vyenye mpira ndani, vinavyozunguka bomba na kukazwa kwa nati, na uvikague kila wiki ikiwa unabeba mizigo ya sokoni.