Maswali ya Wasomaji: Mtoto Anapopanda Ndege Ndogo na Rubani wa Kujitolea

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: marubani wanaowapandisha watoto ndege zao ndogo bila malipo. Tumechagua sita. Ya rubani imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa mengi yanayofurahisha au kuharibu safari hizi yamo mikononi mwake.

SWALI: Salamu, wataalamu. Binti yangu wa miaka tisa anapenda ndege kupita kiasi. Nasikia kuna marubani wanaowapandisha watoto bure. Ni bure kweli, au kuna gharama zitakazojitokeza baadaye? — *Mama wa binti*

JIBU: Ni bure kweli, mama. Mpango unaojulikana zaidi ni Young Eagles, ulioanzishwa Marekani mwaka 1992 na Experimental Aircraft Association (EAA), chama chenye makao yake Oshkosh, jimbo la Wisconsin. Hupokea watoto wa miaka 8 hadi 17, kwa hiyo binti yako ameshafika umri. Lengo la awali lilikuwa watoto milioni moja kufikia Desemba 17, 2003, siku ya kutimia miaka 100 tangu ndugu wawili wa ukoo wa Wright waruke kwa ndege yenye injini. Lilifikiwa, na mwaka 2016 idadi ikatimia milioni mbili. Miongoni mwa waliowahi kuwa wenyekiti wake ni Chuck Yeager, rubani aliyeipita kasi ya sauti mwaka 1947, na Chesley Sullenberger, aliyeitua ndege ya abiria kwenye mto Hudson mwaka 2009.

Anayelipa ni rubani. Ndege ndogo ya viti vinne kama Cessna 172 hunywa lita 30 hadi 35 za petroli kwa saa, hivyo safari ya dakika 20, ukijumlisha mwendo wa ardhini, humgharimu lita 12 hadi 15. Tafadhali usimpe bahasha ya shukrani. Leseni ya urubani binafsi haimruhusu kubeba abiria kwa malipo, na bahasha hiyo inaweza kumtia matatani na mamlaka ya anga na pia na bima yake. Mchoro wa ndege uliochorwa na mtoto utampendeza zaidi.

Wako wewe ni usafiri wa kufika uwanjani na saini. Fomu ya idhini husainiwa na mzazi au mlezi wa kisheria tu. Shangazi aliyemsindikiza mtoto hawezi kukusainia, na kila msimu kuna watoto wanaorudi nyumbani bila kuruka kwa sababu hiyo. Saini mapema, mtoto aje nayo.

SWALI: Simjui huyo rubani. Nitajuaje kwamba mwanangu yuko katika mikono salama? — *Baba mwenye wasiwasi*

JIBU: Uliza, mzee wetu. Rubani makini hachukii kuulizwa. Katika Young Eagles rubani lazima awe mwanachama wa EAA, awe amepita ukaguzi wa rekodi zake na mafunzo ya kulinda watoto, leseni na vigezo vya afya viwe hai, na ndege iwe na bima ya abiria isiyopungua dola 100,000 kwa kila kiti. Sheria za Marekani nazo zinamtaka awe ameruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria yeyote. Hata kama unashughulika na klabu nyingine, maswali ni hayohayo: leseni, afya, bima, na lini aliruka mara ya mwisho.

Kisha mtazame. Je, ameizunguka ndege yote akiikagua kabla ya kumpandisha mtoto? Injini imezimwa kabisa watoto wanapopanda na kushuka? Kila mtoto ana kiti chake na mkanda wake? Ukimsikia akijigamba kwamba atawaonyesha watoto “mambo”, mchukue mwanao mwondoke. Akisema upepo leo haumridhishi, njooni wiki ijayo, basi umepata rubani.

Je, mzazi anaweza kupanda pia? Ni uamuzi wa rubani, na mara nyingi uzito ndio huamua.

SWALI: Mtoto wangu hutapika hata ndani ya basi. Pia masikio humuuma akipanda milima. Nimkataze? — *Mama Pacha*

JIBU: Usimkataze, mwandae. Kichefuchefu huja pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni. Mtoto anayeinamia simu au kutazama saa za dashibodi ndiye wa kwanza kuomba mfuko. Mwambie atazame nje, mbali, kwenye upeo wa macho, na mwombe rubani amweke kiti cha mbele ambako anaona vizuri. Dirisha la hewa limwelekee usoni. Ale chakula chepesi saa moja au mbili kabla, maana tumbo tupu ni baya kama lililoshiba. Chagua asubuhi na mapema: jua likishapasha ardhi, hewa ya moto hupanda kwa mafungu na ndege hurushwarushwa, hata siku yenye anga safi. Mifuko ya kutapikia iwe mahali mkono unapofika, isiwe mfuko wa nyuma ya kiti ambao mtoto aliyefungwa mkanda haufikii.

Masikio huuma zaidi wakati wa kushuka, kwa sababu kinjia kati ya sikio na koo hutoa hewa kwa urahisi kuliko kinavyoiingiza. Kumeza mate, kupiga miayo au kutafuna ubani husaidia. Mtoto mwenye mafua au pua iliyoziba asipande siku hiyo, hata kama amelia tangu jana. Kinjia kilichovimba hakifunguki, na maumivu yake ni makali.

SWALI: Nina leseni binafsi na ndege ya viti vinne, na nataka kuanza kuwapandisha watoto. Nijipange vipi ili safari iwe nzuri? — *Rubani mgeni wa jambo hili*

JIBU: Karibu, rubani. Kanuni yetu ni hii: ikikuchosha wewe kwa utulivu wake, imemfaa mtoto. Dakika 20 za kawaida kabisa, zamu pole, kushuka pole, kutua. Kwake hakuna la kawaida hata moja.

Anza na uzito, na uwe mkaidi hapa. Wewe wa kilo 85 na vijana watatu wa kilo 65 ni kilo 280, na Cessna 172 nyingi zilizojazwa mafuta pomoni hazibebi uzito huo kihalali. Usikadirie kwa macho, wala usimwamini kijana wa miaka 15 anayetaja kilo zake mbele ya wenzake. Weka mizani pembeni, mmoja mmoja. Ukipiga hesabu ikazidi, punguza mtoto, au panga siku hiyo kwa mafuta machache lakini yenye akiba kamili. Joto la mchana likipanda, hewa huwa nyepesi, na ndege iliyoondoka vizuri saa mbili asubuhi itaomba njia ndefu zaidi ya kurukia saa saba.

Halafu ukaguzi wa kuizunguka ndege, ambao usiufanye peke yako kabla watoto hawajafika. Hilo ndilo somo lenyewe. Chota mafuta kwenye kichupa, waonyeshe rangi, waeleze kwamba maji ni mazito kuliko petroli na hukaa chini, ndiyo maana tunachota sehemu ya chini kabisa ya tangi. Mpe mmoja akitikise taratibu kibao cha nyuma ya bawa huku mwingine akitazama usukani ukigeuka ndani. Hapo wanaelewa, bila hotuba, kinachoigeuza ndege angani. Waache wachungulie kijitundu cha mrija wa kupimia kasi na uwaulize nini kitatokea mdudu akijenga humo. Watoto wanapenda swali hilo kuliko takwimu zozote za injini. Tenga dakika 15, na usikubali msimamizi akuharakishe.

Pangaboi lina sheria moja: linahesabiwa kuwa hai daima, hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Watoto waifikie ndege kutoka nyuma ya bawa, wakiwa wameongozana na mtu mzima. Usimruhusu yeyote kupiga picha ameegemea pangaboi, hata mzazi akibembeleza.

Ndani, kagua kiti cha mbele wewe mwenyewe. Kwenye Cessna kiti huteleza juu ya reli na hushikwa na pini. Pini isipoingia tunduni, kiti hurudi nyuma ndege inapoongeza kasi, na aliyekalia hushika kilicho mbele yake, yaani usukani. Kitikise kwa nguvu mpaka uridhike. Mtoto mfupi asiyeona juu ya dashibodi awekewe mto mgumu, kisha ukaze mkanda upya ukiwa chini kwenye nyonga, usiwe tumboni. Nyayo zake ziwe bapa sakafuni, mbali na pedali. Kofia, simu na vitu vyote vilivyolegea viwe na mahali pake. Kipaza sauti cha hedifoni kiguse karibu midomo. Kikikaa kidevuni husikii kitu, na mtoto anayedhani umemnyamazia huanza kuogopa. Waeleze pia ishara ya kunyamaza: ukiinua kiganja, hakuna anayesema, kwa sababu unasikiliza redio. Waonyeshe mlango unavyofunguliwa, lakini mikono isiuguse mpaka useme.

Angani, panda hadi futi 2,000 hivi juu ya ardhi, ukifuata sheria za eneo lako, na usiilaze ndege upande zaidi ya nyuzi 20. Kabla ya kila zamu sema: “Sasa tunalala kushoto, utaiona ardhi dirishani.” Mtoto aliyeambiwa hucheka, asiyeambiwa hung’ang’ania mlango. Kushuka kusizidi futi 500 kwa dakika. 300 ni bora kwa masikio madogo.

Kumpa usukani ni sawa, katika mwinuko na hewa tulivu tu, kamwe si wakati wa kuruka au kutua. Makabidhiano yawe ya maneno matatu mliyoyafanyia mazoezi chini: “Usukani wako.” “Nimeushika.” “Umeushika.” Kurudisha ni vivyo hivyo. Mfundishe kuushika kwa vidole viwili na kidole gumba, kama anavyoshika penseli, kwa sababu anayeukamata kwa ngumi huanza kupambana na ndege. Mkono wako usiende mbali. Akikakamaa, usimpigie kelele, sema jina lake kwanza, ndipo useme “usukani wangu.”

Kosa la kawaida la marubani wapya ni kutaka kufurahisha kwa kupiga mbizi kidogo, au kupita chini juu ya nyumba ya mtoto. Mtoto aliye kiti cha nyuma, asiyeona mbele, hilo ndilo atakaloliota usiku. Wengine hawarudi tena uwanjani.

SWALI: Klabu yetu inataka siku moja ya kuwapandisha watoto 40. Tunahitaji ndege ngapi? — *Katibu wa klabu*

JIBU: Hesabu mzunguko mmoja, kuanzia maelezo hadi kushuka, kuwa dakika 45. Kuanzia saa mbili hadi saa tano na nusu asubuhi utapata mizunguko minne kwa kila ndege, basi. Ikibeba watoto watatu ni 12, kwa hiyo ndege nne zinatosha kwenye karatasi. Kwenye uwanja hazitoshi: vijana wakubwa watakwenda wawili wawili kwa sababu ya uzito, na ndege moja itagoma kuwaka au rubani wake ataamka na mafua. Tafuta sita, au upunguze watoto.

Ardhini ndiko mambo huharibika. Weka kamba kati ya watazamaji na maegesho ya ndege, na asiivuke mtu asiye na kisibau cha rangi. Kila kundi lipate msindikizaji mmoja wa kwenda nalo ndegeni na kurudi nalo. Meza ya usajili ihakiki saini, umri na kilo, kisha iandike mtoto yupi yuko ndege ipi. Karatasi hiyo isiondoke mezani. Teua mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusitisha kila kitu kwa sababu ya hali ya hewa, na huyo asiwe rubani anayeruka siku hiyo. Waambieni wazazi tarehe ya akiba tangu mwanzo. Kivuli, maji na choo vipangwe kabla ya mabango.

SWALI: Nina miaka 13, nimeruka mara moja na sasa nataka kuwa rubani. Ninavaa miwani. Nifanye nini? — *Kijana wa darasa la saba*

JIBU: Miwani haikuzuii, mdogo wetu, mradi ukiivaa uone vizuri. Rangi ndizo zenye kipimo kikali zaidi, kwa hiyo pima macho mapema ujue ulipo.

Masomo ya kuruka na mwalimu hayana umri wa chini katika sheria za Marekani. Kuruka peke yako ni miaka 16 kwa ndege yenye injini, lakini ni 14 tu kwa ndege isiyo na injini, ile inayoelea hewani ikitafuta hewa inayopanda. Kama kuna klabu ya ndege hizo karibu nawe, anzia huko: ni nafuu, na zinafundisha miguu na mikono kufanya kazi pamoja. Leseni binafsi ni miaka 17, baada ya saa zisizopungua 40 za kuruka. Kwingineko sheria hutofautiana kidogo, hivyo iulize mamlaka ya anga ya nchi yako.

Kama uliruka na Young Eagles, una haki ya uanachama wa wanafunzi wa EAA bila malipo mpaka utimize miaka 19, pamoja na kozi ya nadharia kwa njia ya intaneti. Namba ya kuingilia hutolewa siku ile ile ya safari, kwenye karatasi ambazo wengi huziacha ndani ya gari. Itafute.