Ni nani hasa walioshika jembe Abydos?

SWALI: Shikamoo Bibi. Tumesoma shuleni kwamba Flinders Petrie alichimba makaburi ya wafalme wa kwanza wa Misri. Alichimba peke yake? Na wale vibarua hawakuiba dhahabu? – Mwanafunzi wa kidato cha tatu

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Swali lako limenigusa, maana vitabu vingi humtaja mzungu mmoja tu na kuwaacha nje walioshika jembe.

Petrie alikuwa Abydos, kusini mwa Misri, kuanzia mwaka 1899. Wafanyakazi wake hodari walitoka mji wa Quft, ambako alikuwa amechimba msimu wa 1893 hadi 1894. Aliwazoeza pale, kisha wakawa wanamfuata kila alikopiga kambi. Mtu mzima au kijana mwenye nguvu alichimba kwa jembe, na watoto wakabeba mchanga kwa vikapu kwenda kuumwaga mbali. Petrie mwenyewe aliwapenda zaidi vijana wa miaka 15 hadi 20. Ulikuwa mchanga mwingi kupita kiasi, uliochanganyika na vigae vya vyungu vya sadaka. Wamisri wa zama za baadaye waliamini kwamba kaburi la Mfalme Djer pale Abydos, mmoja wa wafalme hao wa kwanza, ndilo la mungu Osiris, wakawa wanapeleka vyungu huko karne baada ya karne.

Sasa dhahabu. Petrie alimlipa bakshishi aliyekiona kitu, juu ya ujira wake, kwa kukadiria bei ambayo mchuuzi wa vitu vya kale angempa. Kwa hiyo mtu hakuwa na sababu ya kuficha ushanga mfukoni. Faida nyingine, ambayo mimi naiona kubwa zaidi, ni kwamba kitu kilijulikana kimetoka chumba gani. Kitu kilichouzwa kichochoroni hakikuambii tena kilizikwa na nani.

Mwaka 1901 walikuwa wakisafisha kaburi hilo la Djer, mfalme wa takriban miaka 3000 KK. Mfaransa Émile Amélineau alikwisha kulichimba kabla yao. Wafanyakazi wanne wakaona, katika tundu la ukuta wa kaskazini, kipande cha mkono wa maiti uliozungushiwa kitani. Wakachungulia mwishoni mwa kitani, wakaona dhahabu. Fikiria, mjukuu wangu: watu wa kipato kidogo, dhahabu mbele yao, na hakuna msimamizi karibu. Hawakufungua zaidi. Waliuacha mkono palepale mpaka Arthur Mace, msaidizi wa Petrie, alipofika kuuona. Ukapelekwa kambini ukiwa mzima, na Petrie alipokata kitani akakuta bangili nne za dhahabu, feruzi na mawe mengine ya thamani, zikiwa bado zimevaliwa. Kwa kuwa hazikuguswa, ilijulikana ipi ilitangulia na shanga zake zilipangwaje.

Kisha zikapelekwa makumbusho ya Cairo. Petrie aliandika kwa uchungu kwamba huko mkono na kitani vilitupwa, zikabaki bangili. Nami uchungu huo ninao. Ule mkono ungeweza kuchunguzwa leo kwa vipimo ambavyo wakati ule havikuwapo, na walioulinda kwa uaminifu walikuwa vibarua wanne wa jembe.

Kwa hiyo, hapana, hakuchimba peke yake. Majina ya wafanyakazi wake wengi yamo katika madaftari yake ya kazi na malipo, London, na watafiti wameanza kuyasoma kwa makini. Mmoja wa wafanyakazi hao ni Ali Suefi, ambaye Petrie alimtegemea kwa miaka mingi. Na watu wa Quft hawajaacha kazi hiyo. Mpaka leo mafundi wa uchimbaji kutoka huko huitwa kwenye machimbo mengi ya Misri, na wengine wamerithi kazi kwa baba na babu zao.

Mwalimu wako akikuuliza nani alizigundua bangili za Djer, mwambie ni watu wanne waliokuwa wakisafisha kaburi, kisha umtaje Petrie.