Upendeleo kwenye zabuni: neno libaki au lifutwe?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Mwanza, naandaa kijitabu cha mafunzo ya zabuni kwa wafanyabiashara wadogo. Niliandika kuwa sheria inaruhusu "upendeleo kwa wazabuni wa ndani". Mhariri amelifuta neno "upendeleo", anasema ndilo lilelile tunalolikemea kwenye ajira, akaweka "ubaguzi chanya". Tena anadai mikataba ya biashara ya kimataifa imeshapiga marufuku upendeleo. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Rudisha neno lako. Hofu ya mhariri naielewa, ila alichoweka badala yake ni kibaya zaidi.

Ni kweli upendeleo tumezoea kulisikia kwenye lawama. Refa kawapendelea wenyeji, bosi anapendelea ndugu zake, na anayekula kiapo huahidi kutenda haki bila upendeleo wala chuki. Lakini mtu huyohuyo akisema "mimi napendelea chai ya rangi" hakuna anayemnyooshea kidole. Kitenzi hakina doa. Doa linatoka kwenye cheo cha mtu: aliwekwa kuamua kwa usawa, akaegemea upande bila kanuni kumruhusu.

Kwa hiyo tega sikio kwenye kitenzi kinachoandamana na neno hilo. "Kufanya upendeleo" ni shutuma. "Kutoa upendeleo" au "kuweka upendeleo", hasa panapotajwa kifungu cha sheria, ni jambo lililotangazwa mapema, kila mzabuni akalisoma kwenye nyaraka kabla ya kujaza bei yake. Ubaguzi halina bahati hiyo. Kubagua ni kumtenga mtu na kumnyima, na baada ya ubaguzi wa rangi kusini mwa bara letu, sijui "chanya" ipi italisafisha. Huo ni msemo wa Kiingereza uliovalishwa kanzu.

Kuhusu mikataba, mhariri amesikia nusu ya habari. Mkataba wa GATT wa 1947, yaani mkataba wa jumla wa ushuru na biashara kati ya nchi, ulizizuia nchi kuzibagua bidhaa za kigeni sokoni, lakini kifungu chake cha tatu kiliacha nje ununuzi wa serikali kwa matumizi yake yenyewe. Serikali ikitaka kununua madawati ya mafundi wake tu, hilo halikuwa kosa. Uhuru huo ulianza kubanwa mwaka 1979 kwa mkataba wa pembeni. Mrithi wake leo ni Mkataba wa Ununuzi wa Serikali ulio chini ya Shirika la Biashara Duniani, na toleo lake la sasa lilianza kutumika 2014. Unawafunga waliojiunga nao tu, na hakuna nchi ya Afrika iliyomo. Hata waliomo huorodhesha ni taasisi zipi zinahusika na kuanzia zabuni ya thamani gani. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya 1933 inayoitaka serikali inunue bidhaa za Kimarekani. Sheria nyingine ya 1979 inaruhusu kuilegeza kwa nchi zilizo ndani ya mkataba, huku zabuni zilizotengewa biashara ndogo zikibaki nje. Nchi inayoendelea ikijiunga, kifungu cha tano cha Mkataba huo wa Ununuzi wa Serikali kinaipa nafasi ya kujadiliana iendelee na upendeleo wa bei kwa kipindi cha mpito. Kwa hiyo upendeleo haujafutwa, umewekewa mipaka.

(Lugha ya mikataba ina vituko vyake. "Taifa linalopendelewa zaidi" maana yake ni kwamba nafuu unayompa mmoja uwape wote, yaani hakuna anayependelewa! Ukilitumia kwenye kijitabu chako, lifafanue hapohapo.)

Mkataba unaotugusa sisi moja kwa moja ni Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010. Kifungu cha 35 kinazikataza nchi wanachama kuwabagua wazabuni, bidhaa na huduma za nchi wenzao katika ununuzi wa umma. Na hapa ndipo sentensi yako ina kasoro ambayo mhariri hakuiona: "wa ndani". Ndani ya wapi? Mkandarasi wa Kisumu akiomba kazi Mwanza ni wa nje kwa mpaka wa nchi, ni wa ndani kwa mpaka wa Jumuiya. Usikimbilie "wazawa" pia. Kampuni inaweza kusajiliwa Dar es Salaam na wenye hisa wote wakawa wageni.

Usilibadilishe upendeleo kwa "kipaumbele" pia. Kipaumbele hupanga nani aanze. Upendeleo wa bei hugusa hesabu yenyewe. Katika miradi ya Benki ya Dunia, pale upendeleo unaporuhusiwa, bei ya bidhaa za nje huongezwa asilimia 15 wakati wa kulinganisha. Wa nje akitaja shilingi milioni 100 na wa nyumbani milioni 110, wa nje anasomeka 115 na wa nyumbani anashinda, ila mkataba unasainiwa kwa 110. Kutenga ni jambo la tatu: Kenya huwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali, na hapo wengine hawaingii kabisa kushindana.

Jambo dogo la mwisho: sheria yenyewe inaitwa ya "Ununuzi wa Umma". "Manunuzi" waachie wanaohesabu vilivyonunuliwa.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Sheria inaruhusu taasisi nunuzi kutoa upendeleo wa bei kwa kampuni zinazomilikiwa na Watanzania, kwa kiwango kilichotajwa kwenye nyaraka za zabuni." Kama umiliki sio kigezo, badilisha hapo kwenye "zinazomilikiwa", upendeleo uuache ulipo.