Hakuna aliyefungwa kati ya wale sita

Kuna anayeuliza kama wahubiri wa televisheni waliochunguzwa na Seneti ya Marekani walifungwa, na mwingine anadai mmoja wao alipewa miaka 45 jela. Hapana, kati ya wahubiri hao sita hakuna aliyefungwa wala kutozwa faini. Seneta Chuck Grassley aliwaandikia Novemba 2007 akitaka maelezo ya mishahara, nyumba na ndege: Kenneth Copeland, Creflo Dollar, Benny Hinn, Eddie Long, Joyce Meyer na Paula White. Waliojibu kikamilifu ni huduma za Meyer na Hinn tu. Januari 2011 ripoti ikatoka bila adhabu yoyote. Lakini msiseme walisafishwa, kwa sababu ile haikuwa mahakama.

Kinachowakinga ni sheria ya kodi ya huko. Mashirika mengine mengi ya hisani hulazimika kupeleka hesabu kila mwaka, na mwananchi anaweza kuzisoma, makanisa yamesamehewa. Ndiyo maana mama mjane anatoa fungu la kumi miaka nenda rudi na hana karatasi hata moja ya kumwonyesha pesa yake ilinunua nini. Hilo linaniuma kweli.

Nadhani aliyesema mmoja wao "alipewa miaka 45" anamchanganya na Jim Bakker, mhubiri mwingine wa televisheni wa Marekani. Huyo alishtakiwa mahakamani na kutiwa hatiani 1989 kwa kuwalaghai waumini: aliwauzia maelfu yao haki ya kulala hotelini kila mwaka, ilhali vyumba havikutosha. Baada ya rufaa kifungo kilipunguzwa hadi miaka 8, akatoka 1994.