Eneo la pembeni halijulikani la nani, ninunue nyumba?

SWALI: Habari za kazi dada. Nimepata nyumba Kivule, vyumba vitatu, bei nzuri mno, ila pembeni kuna eneo limekaa tu, miembe miwili na majani, na kila mtu ana lake la kusema. Muuzaji anasema ni la mzee mmoja alihama zamani, dalali anasema la serikali. Geti la nyumba linafungukia huko na shimo la choo nalo liko upande huo huo. Muuzaji ananiambia nisiwe na wasiwasi, nikikaa miaka 12 bila kusumbuliwa linakuwa langu. Wanataka advansi Jumamosi. Nifanyeje?
Mama Wawili, Dar es Salaam

JIBU: Mdogo wangu advansi usitoe kwanza, hata dalali akikwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi.

Umeuliza habari za eneo la pembeni lakini mimi nikisoma naona tatizo liko kwenye nyumba yenyewe, maana kama geti linafungukia kwa mtu na shimo la choo liko kwa mtu basi unauziwa nyumba isiyo na njia wala choo, siku mwenyewe akija akapandisha ukuta wewe na wanao mtapitia wapi? Na wenyewe huwa wanakuja jamani. Mimi nilinunua pembeni ya shamba la namna hiyo hiyo, miaka sita kimya, tunaanika nguo tu, asubuhi moja wakaja watoto watatu wa marehemu pamoja na msimamizi wa mirathi na karatasi yake ya mahakama, nikaishia kununua kipande cha njia kwa bei waliyotaka wao, njia ambayo nilijua nimeshailipia kwa aliyeniuzia. Iliniuma sana.

Hiyo ya miaka 12 iache kabisa. Ipo kweli kwenye Sheria ya Ukomo, mtu anapewa miaka 12 ya kufungua kesi kudai ardhi yake, watu wakaigeuza kuwa ukikaa tu unamiliki. Sio hivyo. Mahakamani utatakiwa uthibitishe kwamba ulikaa waziwazi, mfululizo na bila ruhusa ya mwenyewe, na kama uliachiwa ulilinde au ulime mchicha basi hata miaka 30 ikipita wewe bado ni mkaribishwa tu. Na kama dalali ndiye mkweli, labda ni eneo la wazi kwenye mchoro wa mipango miji au ni hifadhi ya barabara, siku moja utaamka ukute X nyekundu ukutani, ile alama ya kubomolewa.

Sasa nenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mjumbe, ila usiishie hapo, maana mwenyekiti huenda kachaguliwa juzi tu, wenye habari ni wale wazee waliolima hapo wakati bado ni mapori, wao wanajua nani alimkatia nani na wapi walipanda minyaa ya mpaka. Kaa nao, nenda hata mara mbili bila dalali. Halafu ofisi ya ardhi ya jiji, ulizia kama eneo limepimwa na mchoro unasemaje, kukiwa na namba ya kiwanja na hati fanya sachi, yaani upekuzi wa kumbukumbu za hati, kwa Msajili wa Hati ujue jina lililoandikwa na kama kuna mkopo au zuio. Mlipe mpima mwenye leseni aje atafute bikoni, yale mawe ya mpaka, za nyumba unayotaka kununua, uone kwa macho yako geti na shimo viko ndani au nje, hela yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya nyumba.

Muuzaji akiwa ana mke, mke naye lazima aridhie.

Ikionekana geti na shimo viko nje ya mpaka, mwambie avihamishie ndani kwa gharama zake kabla hujatoa hata shilingi, na kwenye mkataba wakili aandike vipimo vya kila upande, njia ya kuingilia, na majirani wa pande zote wasaini kama mashahidi. Upande wa miembe usikubali waandike "jirani" tu, aandikwe mtu mwenye jina, na kama hapatikani wa kuandikwa, tafuta nyumba nyingine.